Tulivyobeba Kengele Iliyopasuka Hadi Kyerwa

Tangu nirudi, hakuna aliyeniacha nipumzike. Nikienda shambani naulizwa, nikienda kuteka maji naulizwa. Juzi nimeulizwa kwenye mazishi, na aliyeuliza alikuwa ndani ya kaburi akilichimba. Kila mmoja nimempa kipande, na vipande hivyo sasa vinazunguka Ndama vikiwa vimeota mikia. Nasikia tulishambuliwa na simba. Simba hatukumwona hata unyayo. Basi naandika mara moja, mwenye kusoma awasomee wasiojua, nami niachwe nipalilie migomba yangu.

Chanzo mnakijua, ila nitakisema kwa ajili ya ndugu wa mbali. Mimi Yakobo ndiye mpiga kengele wa kanisa letu. Siku ya sikukuu ya mavuno ulimi wa kengele ulikatika, watu walikuwa bado majumbani, na mimi ni mtu wa haraka. Nikachukua shoka nikaipiga kengele kwa kisogo chake. Pigo la tatu likatoka na sauti ya sufuria. Nilipopapasa ukingo, ukucha ukaingia ndani ya ufa, na kipande cha ukingo kikaanguka chini.

Wazee wa kanisa hawakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Mwinjilisti wetu aliniambia kwa upole, "Yakobo, huko migodini Kyerwa yupo fundi wa kusubu. Anayeyusha shaba na kuimimina upya. Ipeleke. Ikirudi na sauti, kamba ni yako. Isiporudi na sauti, kamba itashikwa na mwingine."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi sina cheo kingine. Si mzee wa kanisa, kuimba sijui, na kahawa yangu mnaijua ilivyo. Kamba ile ndiyo inayofanya watu waniite kwa jina langu. Bila hiyo mimi ni yule wa karibu na kisima.

Kutoka Ndama hadi Rugera

Nilipewa mwenzangu, Petero, mfugaji wa kule mbugani, mtu mrefu na mkimya aliyebatizwa akiwa tayari na mvi. Nadhani wazee walimchagua kwa sababu haraka haijui kabisa. Tuliifunga kengele kwa majani makavu ya migomba ili isigongegonge, tukaitundika kwenye mti mrefu, yeye mbele, mimi nyuma. Kwa kuwa yeye ni mrefu na mimi ni huyu mnayenijua, kengele iliteremka kwangu njia nzima na kunigonga tumboni.

Hatujafika mbali tukaona watu wanavua kofia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akilima akaacha jembe, akashika kichwa, akaanza kulia. Mwingine akaitika kutoka shamba la pili. Nikageuka nyuma kuona ni nani aliyefiwa. Kumbe ni sisi. Wanaume wawili, mti begani, mzigo uliofungwa majani, wa ukubwa wa mtoto: nani angefikiri vingine?

"Poleni, ndugu zetu, poleni sana," akasema mzee mmoja akitushika mikono. "Mnampeleka kwao?"

"Shikamoo, mzee. Hatuna msiba. Hii ni kengele."

Akanitazama kwa huruma nyingi. Kisha akamgeukia Petero akamwambia kwa sauti ya chini, "Mshike mwenzako. Huzuni imempanda kichwani."

Na Petero, badala ya kunisaidia, akajibu, "Ndiyo, amechoka." Hakuwa akidanganya, kweli nilikuwa nimechoka. Lakini maneno yale yaliwaongezea kilio. Tukafuatwa na watu kumi na zaidi hadi Rugera, wanawake wakiimba nyimbo za kuaga, nami ninatamani ardhi inimeze. Ilibidi niushushe mzigo katikati ya uwanja, niyafungue majani mbele ya wote na kuigonga kwa kijiwe. Ikatoa ile sauti yake ya sufuria.  Yule mwanamke aliyeanza kulia akajifuta machozi na kuniambia kwamba machozi yangu ameshayamaliza, na siku nikifa kweli nisimtegemee.

Hata hivyo walitulisha, maana chakula cha wafiwa kilikwishapikwa: ndizi na maharage yaliyoiva vizuri. Mimi nilikula. Petero aliomba maziwa, na kwa vile kwao maharage na maziwa hayaingii tumbo moja siku moja, ndizi zilizokuwa zimegusana na maharage alizikataa pia. Tukangoja ng'ombe warudi machungani ndipo anywe. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukipoteza nusu siku kila tulipofika, na hivyo ndivyo nilivyofundishwa subira kwa nguvu.

Usiku ule tulilala kwa muhesi, ndivyo waitwavyo wahunzi kwetu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mikono yote makovu. Aliizungusha kengele, akainusa, nusura ailambe.

"Mimi hii siiwezi," akasema. "Sisi chuma tunakipiga, hatukimimini. Moto wangu unakilegeza tu, nami nakibembeleza kwa nyundo mpaka kiwe jembe. Kukigeuza maji sijawahi. Huyo wa Kyerwa kazi yake nyingine. Yeye hapigi kitu. Anakiua kwanza."

"Anakiua vipi?"

"Anaiyeyusha. Akishaiyeyusha, kengele hakuna tena. Ni uji. Ikigoma kuwa kengele, mtarudi na uji wenu umeganda. Hilo mlilijua?"

Sikulijua. Naapa sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilidhani fundi ataziba ufa, kama tunavyoziba mtungi. 

Nyakasimbi

Kesho yake mvua ilitushika njiani, tukaingia nyumba ya bibi mmoja wa Nyakasimbi, mjane, nyumba yake imetandikwa nyasi mpya na kunukia. Tulimwamkia, akaitika marahaba, akatuletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama inavyompasa mgeni. Mvua haikukoma siku mbili. Siku mbili, mimi na moyo wangu wa haraka, nikitafuna kahawa na kuhesabu matone.

Bibi yule alikuwa amevaa bangili za waya miguuni, zile za zamani, zimejaa kutoka kwenye vifundo hadi karibu na magoti. Akitembea zinasuguana. Alipousikia mkasa wa kengele, aliuliza swali moja tu: "Hiyo shaba iliyobanduka kwenye ufa mnayo?"

Tukatazamana. Kipande kile kilichomeguka ukingoni, cha ukubwa wa kiganja, kilibaki pale chini ya kengele na watoto wamekichukua kuchezea. Hakuna aliyekumbuka kukibeba.

"Basi itapungua," akasema bibi. Akaketi chini kwenye nyasi, akaanza kuvua bangili moja moja. Zilikuwa zimekaa miaka mingi hata ngozi imefanya mifereji. Ilimchukua muda mrefu, na kila nilipomwambia aache, hakunisikia. Mguu wake ulipobaki mtupu niliona ulivyo mwembamba, nikatazama pembeni.

"Zimenichosha," akasema akinikabidhi lundo lile. "Nilivalishwa siku ya arusi. Aliyenivalisha hayupo, na aliyekuwa akipenda kuzisikia zikilia ndiye huyo huyo. Zikalie kanisani."

Petero akapiga magoti akamshukuru kwa Kinyambo, "Webale, webale." Mimi nikazifunga bangili pamoja na kengele.

Migodini Kyerwa

Tuliingia Kyerwa siku ya sita. Vilima vimechimbwa mashimo, watu wamejaa udongo mpaka kope, maji yanapitishwa kwenye mifereji ya mbao kuosha mchanga mweusi mzito ambao ndani yake mna bati. Nilikuwa nikidhani bati ni lile la kuezekea tu. Kumbe lenyewe hasa ni hili, linatoka chini ya miguu yetu, na lile la kuezeka ni chuma tu.

Fundi Anseli tulimkuta kwenye karakana ya mgodi, mtu mfupi, kifua kipana, nyusi hana. Zimeungua zamani na hazikuota tena. Ni Mkatoliki, na alipojua sisi ni Walutheri alicheka.

"Kwa hiyo mtapigiwa kengele na mkono wa Papa," akasema. "Haya, mleteni mgonjwa."

Alikuwa anamalizia kazi yake ya siku, akatuambia tukae mbali tutazame. Na hapa, ndugu zangu, ndipo ninaposhindwa kuwaeleza, lakini nitajaribu. Alichota bati lililoyeyuka kwenye chungu, akalimimina kwenye kalibu za chuma zilizopangwa sakafuni, na lilikwenda kama maziwa. Halikuchemka, halikupiga kelele. Likajaa, likatulia, likafanya utando usoni. Muda wa kusema sala fupi, likawa mche mgumu, kama wa sabuni. Akaupindua, ukaanguka sakafuni. Kisha akachukua kijiti chembamba cha bati hilo, akanisogezea sikioni, akakipinda. Kikalia. Kweli kililia, mlio mdogo wa kukwaruza ndani kwa ndani. Nikaruka nyuma.

"Bati likipindwa hulia," akasema Anseli. "Chuma hakilii, shaba hailii. Ndiyo maana shaba ya kengele inatiwa bati. Kidogo. Likizidi, kengele inakuwa kavu, unaigusa kwa shoka inapasuka."

Alinitazama aliposema shoka. Petero alikuwa amekwisha kumweleza yote.

Nilikaa katika karakana ile siku nyingi, na kila siku niliona jambo la kunifunga mdomo. Vipuri vya mashine alivisubu kwenye mchanga. Anachonga kwa mti mfano wa kipuri, anaushindilia ndani ya masanduku mawili yaliyojaa mchanga unaoshikamana, anayatenganisha, anauchomoa mfano polepole akiwa amezuia pumzi. Kinachobaki ni tundu lenye umbo. Shaba inamiminwa, mchanga unabomolewa, kipuri hicho hapo. Kesho anashindilia mchanga huo huo upya. Kalibu za chuma anazitumia kwa miche ya bati tu, kwa sababu miche yote inafanana na hazibomolewi. Vitu vyenye maandishi au mapambo membamba anavifinyanga kwa nta ya nyuki, anaipaka udongo, anaichoma, nta inatiririka na kuacha nafasi yake. Kwa siku mbili nilimtazama bila kuelewa, mpaka nikaelewa: mtu huyu hatengenezi vitu. Anatengeneza utupu, halafu anaujaza. Nilipomwambia hivyo alisema ndiyo, na kwamba nimpishe mlangoni, nazuia mwanga.

Kengele yetu ilikuwa kazi nyingine. Alichonga ubao wenye mkunjo wa kengele ile ile, akauzungusha kwenye nguzo ya chuma, na kwa ubao huo akalisawazisha tope la udongo na samadi: kwanza moyo wa ndani, kisha gamba la nje, na kati yao nafasi ya unene wa kidole. Samadi ya ng'ombe hulainisha na kuzuia nyufa, kama tunavyosiriba nyumba. Petero ndiye aliyekwenda kuitafuta. Aliirudisha ya kwanza, akaikataa ya pili, akasema ng'ombe wale wamekula majani magumu. Anseli alinong'ona sikioni mwangu, "Huyu mtu wako ni fundi." Nikaona wivu, sitaficha.

Bangili za bibi alizipima kwa tupa. Tatu zilikuwa chuma kilichopakwa shaba, akaziweka kando. Zilizobaki zilikuwa shaba safi nyekundu.

"Sasa ikauke siku tisa," akasema Anseli. "Na nisikilizeni nyote wawili. Adui wa kazi hii ni maji. Tone moja la maji ndani ya kalibu, shaba ikilikuta, tone linageuka mvuke kwa mpigo na halina pa kutokea. Inaruka yote. Nyusi zangu zilikwenda hivyo, na mwenzangu alikwenda na macho. Maji yasisogee hapa."

Tukaitikia. Petero aliitikia kwa sauti kuliko mimi.

Jumapili ya maziwa

Karakana ilikuwa huru Jumapili tu. Kuyeyusha kengele ya Bwana siku ya Bwana kulitupa shida rohoni, tukasali kwanza, Anseli akatungojea mlangoni akiwa ameshika koleo. Kalibu ilikuwa imefukiwa shimoni, udongo umeshindiliwa pande zote, juu imebaki midomo miwili: mmoja wa kumiminia, mmoja wa kutoa pumzi.

Aliivunja kengele yetu kwa nyundo kubwa. Nilijua ataivunja, lakini pigo la kwanza lilinipata kifuani. Vipande vikaingia chunguni juu ya makaa pamoja na bangili za bibi, mimi nikazungusha feni ya kupulizia moto mpaka mabega yakafa ganzi. Shaba ikaanza kulegea, ikazama, ikawa rangi ambayo sina jina lake. Anseli akaikoroga kwa mti mbichi, ikatokota, akaondoa takataka juu, na chini yake kulikuwa safi, kuking'aa hata uso wa Petero uliokuwa mbali ukageuka mwekundu. Niliogopa, tena niliogopa kwa furaha. Nilifikiri, hii ndiyo iliyokuwa ikituita kila Jumapili, na sasa naiona ndani yake.

"Tayari," akasema Anseli. Akashika chungu kwa koleo, msaidizi wake wa karakana akashika upande wa pili. "Mdomo uko wazi? Hakuna kilichoangukia ndani?"

"Uko wazi," akasema Petero, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tutoke Ndama. "Nimekwisha kuubariki."

Anseli akasimama. "Umeubariki na nini?"

"Maziwa. Nimekamua asubuhi, kwa yule jirani wa kule bondeni. Nimeumiminia kidogo." Akaonyesha kibuyu chake kilichofukizwa. "Kwetu kitu kipya hakianzi kazi bila maziwa. Wala mtoto, wala nyumba, wala ndoa."

"Nilisema maji yasisogee."

"Ulisema maji," akajibu Petero. Alikuwa akishangaa kwa dhati. "Haya ni maziwa."

 Chungu kilikuwa hewani mikononi mwa wanaume wawili, na shaba haingoji mtu, inapoa huku bati lake likiungua. Anseli hakupiga kelele. Aligeuka, akatembea hatua sita hadi kwenye zile kalibu za chuma za miche ya bati, zilizokuwa zimewekwa kando ya moto, kavu kabisa, na akaimimina kengele ya Ndama humo. Miche saba. Ilipoganda, ilikuwa imelala sakafuni kama vipande vya muhogo.

Maneno niliyomwambia Petero siku ile siyaandiki. Nilimwambia ya ng'ombe wake, ya ubatizo wake, na nikamwambia kwamba amenipotezea jina. Alisikiliza yote akiwa amesimama, kibuyu mkononi. Kisha akatoka nje akamwaga maziwa yaliyobaki kwenye nyasi, jambo ambalo mfugaji halifanyi, na akakaa chini akatupa kisogo.

Moto wa Petero

Anseli ndiye aliyenituliza, kwa ukali. "Shaba haijafa," akasema. "Inayeyuka mara mia. Kilichokufa ni kalibu, imelowa mpaka moyoni. Nitasawazisha nyingine kesho, ubao upo. Taabu ni kwamba karakana hii inahamishwa. Imebaki Jumapili moja tu. Na katika mvua hizi udongo haukauki siku sita. Nikiwasha kuni kuuharakisha, utapasuka."

Nikamwuliza tufanye nini. Akasema hajui.

Petero alikuwa amesikia. Aliingia, hakunitazama, akamwuliza Anseli, "Moto usiokuwa na ulimi ungefaa?"

"Moto gani usio na ulimi?"

Ni moto wa zizini. Wafugaji hukusanya samadi kavu, wanaichoma chini kwa chini, haiwaki, inafuka tu, usiku na mchana, kuwafukuza nzi wasiwaumize ng'ombe. Joto lake halipandi wala halishuki. Mtu aliyezaliwa zizini anajua kwa kiganja kama umezidi. Anseli alifikiri kidogo, akasema sawa, jaribu, hatuna cha kupoteza.

Petero alichimba mfereji kuzunguka kalibu, akaujaza samadi, akautia moto. Siku sita hakutoka pale. Alilala amejikunja kando, akiamka kila mara kugeuza, kuongeza, kuweka kiganja juu ya udongo. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi. Hata tope la kalibu hiyo alikuwa amelikanda yeye pamoja na Anseli, kazi ambayo kwao ni ya wanawake, na wachimbaji wakapita wakimcheka.  Siku ya tatu nilimpelekea maziwa, nikasimama nayo kama mjinga.

"Kaka Petero," nikasema. "Yale niliyosema."

"Weka hapo mbali na kalibu," akasema. Nikaweka mbali. Akasogea akanywa, akanirudishia kibuyu, na tukawa tumesameheana.

Jumapili ya pili Anseli aliingiza unyoya mrefu wa kuku kwenye mdomo wa kalibu, akauacha, akautoa, akaugusa na midomo yake. Mkavu. Aliugusa tena. Akamtazama Petero. Kisha tukayeyusha ile miche saba, Anseli akaongeza bati la ukubwa wa kidole kufidia lililoungua, na safari hii alimimina. Ilishuka mfululizo, bila kukatika, uzi mnene mweupe ukiingia ardhini, na mimi nikasikia ardhi ikiguna. Kisha kwenye mdomo wa pili, ule wa pumzi, shaba ikachungulia. Ilikuwa imejaa. Anseli akakaa chini palepale. Nami nikakaa kando yake.

Tulifukua kesho yake. Udongo uliungua ukawa mweusi, ukabomoka, na ndani kulikuwa na kitu chenye magamba, kibaya, kama kiazi. Anseli akakisugua siku nzima. Jioni akakitundika, akachukua nyundo ya mti, akakigonga mara moja.

Siwezi kusema ilikuwa sauti ya kengele yetu. Ilikuwa nene zaidi, na ndefu. Iliendelea mpaka wachimbaji waliokuwa wakinawa miguu mtoni wakageuza vichwa. Petero alilia waziwazi. Mimi nilishukuru, nikashangaa, halafu hofu ikaniingia, kwa sababu nilikuwa nimeagizwa nirudishe sauti, na hii ilikuwa sauti nyingine.

Kurudi

Lori la mgodi lililokuwa likipeleka bati Bukoba lilitubeba sehemu ya njia, likanasa kwenye tope, tukakaa siku nzima kando ya barabara. Senene walikuwa wametua. Dereva, utingo na abiria wote wakaingia kwenye majani kuwakamata, wakawakaanga kwenye debe, na Petero akakaa peke yake akitutazama tunavyokula panzi kwa furaha ile. Alisema hajawahi kuona watu wazima wakijiaibisha hivyo. Kutoka hapo tulibeba tena begani, na safari hii kengele, iliyotiwa ulimi mpya na Anseli, hatukuifunga majani ya migomba. Ililia njia nzima, na hakuna aliyetupa pole.

Tulifika Ndama Jumamosi jioni. Tukaitundika, na mwinjilisti akasema isiguswe mpaka asubuhi.

Asubuhi wazee wa kanisa walisimama pale watatu.  Nilivuta kamba kwa woga, pigo moja, nikangoja, pigo moja, nikangoja, kama mtu anayepima maji kwa mguu. Sauti ilitoka nzuri ajabu, ikavuka bonde lote.

Hakuna aliyekuja. Tulingoja. Moshi wa majiko uliendelea kupanda ng'ambo, na watu tuliwaona wakiendelea na shughuli zao. Akapita mtu wa baiskeli, akauliza kama Wakatoliki wamepata kengele mpya.

Mwinjilisti aliitazama kamba, akanitazama. "Yakobo," akasema, "kengele ni nzuri kuliko ya kwanza. Lakini watu hawaijui. Nilikuambia irudi na sauti."

Hasira ilinipanda. Siku zote zile, bangili zile, moshi ule, halafu niambiwe hivi. Nikaishika kamba kwa mikono miwili, sikufikiri, nikapiga ninavyopiga mimi siku zote: mbili za haraka, kimya kidogo, moja ndefu, kisha tatu zinazofukuzana. Sijui nilijifunza wapi. Nikarudia, na nikarudia tena.

Mlango wa kwanza uliofunguka ng'ambo ulikuwa wa Mama Rebeka. Akatoka akifunga kanga, akiwaita watoto. Kisha mlango wa jirani yake. Kisha vijia vyote vya bondeni vikajaa watu waliovaa nguo nyeupe, wengine wakikimbia, kwa kuwa walikuwa wamechelewa.

Mama Rebeka alifika akihema. "Tulisikia kengele ngeni tukakaa," akamwambia mwinjilisti akipita. "Halafu tukasikia ni Yakobo."

Akaingia ndani na watoto wake. Mwinjilisti naye akaingia, na kamba akaniachia mkononi.